Tunakula wapi Arusha?

Najua nimepotea, na wengine mmeshaanza kuuliza kama nimeoa au nimefungwa. Vyote viwili bado. Nilikuwa nyumbani Arusha, nusu kikazi nusu likizo, na leo nataka kuwasimulia habari ya chakula. Kama hujala, nenda kwanza ukale ndipo urudi usome.

Ilianza hivi. Mhariri wetu hapa Dar aliniita mezani kwake akaniuliza, "Wewe si ndiye mtu wa Arusha?" Nikasema ndiye. "Basi niandikie sehemu kumi nzuri za kula na kunywa." Sababu yake ni mpira. Mnakumbuka kwamba mwaka 2023 Tanzania, Kenya na Uganda zilipewa kuandaa kwa pamoja fainali za AFCON za 2027, na kwa ajili hiyo mwaka 2024 ukaanza kujengwa uwanja wa watu wapatao 30,000 kata ya Olmoti, kule kusini mwa jiji ambako sisi watoto wa Sokon One tulikuwa tukienda na manati kuwinda ndege. Wageni watatoka Dakar na Cairo wakiwa na njaa, kwa hiyo gazeti liwe na jibu tayari.

Nikakubali upesi sana, kama mtu asiyedaiwa na yeyote Arusha.

Kwa wale ambao Arusha mnaijua kwa Mnara wa Saa na maduka ya vinyago tu, kwenye karatasi za serikali kata yetu inaandikwa Sokon I, midomoni ni Sokon One. (Ipo na Sokon II, ni kata nyingine kabisa, msije mkashukia huko mkanilaumu.) Iko huku chini, upande wa Unga Limited na Sombetini, kwenye vumbi wakati wa kiangazi na tope jeusi wakati wa masika. Mtalii ukimwona huku, jua gari lake limeharibika na fundi ni wa huku. Migahawa yenye menyu na vitambaa vya meza iko juu, mjini na Njiro. Huku chini tunakula kwa akina mama lishe, kwenye mabanda ya chipsi na kwenye baa zenye bucha mlangoni.

Nilipewa na mpiga picha. Kijana wa Tanga, mtu mzuri sana ila ana masharti. Hanywi pombe, hali nguruwe, na anaamini kwa dhati kwamba chakula kisicho na nazi ni cha mgonjwa. Mwenzangu huyu alishuka kwenye basi saa kumi na mbili asubuhi akiwa na fulana moja tu, mwezi wa Julai! Mlima Meru wenye mita 4,500 na ushee ulikuwa umejifunika mawingu mpaka magotini, na yeye anatetemeka anauliza kama huku kuna vita. Nikamkimbiza kwenye supu.

Na hapo ndipo ningemwanzishia mgeni yeyote wa Arusha, awe wa AFCON au wa msiba. Supu ya makongoro, asubuhi, kabla jua halijatoka. Miguu ya ng'ombe hukesha jikoni, inachemka taratibu mpaka ile mishipa inakuwa kama gundi, na ukishika bakuli midomo inanata. Chapati mbili, ndimu, pilipili mbichi, chumvi unajiwekea. Karibu na Soko la Kilombero na stendi kuna mabanda ya supu yasiyo na jina, na sikuweza kuyawekea jina kwenye orodha, nikaandika tu "fuata moshi". Mhariri alikuja kulifuta hilo.

Kijana wa Tanga akanywa bakuli mbili. "Sio mbaya," akasema, "ingawa..." Nikamwambia ukitaja nazi nakurudisha stendi.

Baadaye nikampa mtori. Ni ndizi mbichi, hasa zile ndefu tunazoziita mshare, zinachemshwa na nyama mpaka zinapondeka na kuwa kitu kizito cha kunywa na kutafuna kwa wakati mmoja. Asili yake ni Uchagani, na huko ndicho anachopewa mzazi aliyetoka kujifungua ili arudishe nguvu na maziwa yatoke. Akaangalia bakuli, akaniangalia, akauliza, "Sasa mimi nimejifungua nini?" Lakini akamaliza.

Kwenye maji tulichelewa kidogo, maana ni habari ambayo vitabu vya watalii huipitia juujuu. Aliomba maji ya kunywa na mimi nikamwagizia ya chupa, akasema mbona kwenu ni mlimani, maji si ndiyo mazuri kuliko yote? Nikatabasamu ili aone. Meno yangu yana mabaka ya kahawia, na ya wenzangu niliosoma nao hivyohivyo. Miamba ya volkano ya Meru inayapa maji floraidi nyingi, sehemu nyingi kupita kabisa ile miligramu 1.5 kwa lita ambayo Shirika la Afya Duniani linapendekeza, na mtoto akiyanywa wakati meno ya ukubwa yanajengeka, alama haitoki tena mpaka kaburini. Magadi tunayotia kwenye makande ili mahindi yalainike haraka nayo yana floraidi yake. Yaani chakula na kinywaji cha kwetu vimesainiwa kwenye meno yetu. Nilipofika Dar watu waliniuliza kama navuta sigara, na kuna mkubwa mmoja kazini alinishauri nisicheke kwenye picha ya kitambulisho. Lakini nikiwa Kariakoo nikakutana na mtu akacheka, namwuliza tu, "Wewe wa Arusha sehemu gani?" Sijakosea mpaka leo.

Basi. Kutoka hapo tulitakiwa kwenda kwetu Sokon One nikaweke mabegi kwa mama, na nikamwambia dereva wa bajaji apite barabara ya juu, azunguke. Nikarudia vilevile mchana, na tena jioni. Siku ya pili mpiga picha, ambaye kazi yake ni kuona, akaniuliza, "Kaka, kuna njia inakwenda moja kwa moja kwenu, mbona tunazunguka kila siku kama tunafuatwa na polisi?"

Nikasema barabara ni mbovu. Ilikuwa na lami.

Ukweli ni huu. Mwaka 2019 nilipotoka chuo nilipata nafasi ya kuandikia gazeti moja nikiwa hapahapa Arusha. Wanaojua kazi hii wanajua maana yake. Hulipwi mshahara, unalipwa kwa habari iliyotoka, na inayotoka inalipwa mwezi wa tatu baada ya kutoka, kama mhasibu hajasafiri. Nyumbani mama yangu alikuwa amebaki na wadogo zangu wawili na cherehani. Nikaona aibu kurudi mchana kula ugali wa wadogo zangu nikiwa na shahada. Nikamwambia mama kwamba kazini wanatupa chakula cha mchana. Akafurahi sana, akawa anawaambia majirani.

Kwa hiyo mchana nilikuwa nakula mitaa miwili tu kutoka nyumbani, kwa mama lishe mmoja wa Kimeru aliyekuwa na banda la mabati kando ya barabara, mbele ya gereji. Wateja wake walikuwa mafundi wa magari ya watalii, madereva wao, na vijana wa kuosha magari. Shingoni alikuwa anavaa kile kitambulisho cha wajasiriamali wadogo cha sh 20,000, kile kilichoanza kutolewa mwishoni mwa 2018, amekitia kwenye nailoni isichafuke na mafuta. Wali maharage sh 1,500. Siku mbili za kwanza nililipa. Ya tatu nikamwambia, "Mama, leo naomba uniandikie." Akanitazama, akachukua daftari la shule lenye kava la bluu, akaandika.

Aliandika mwaka mzima. Nikilipwa nilipunguza, kisha deni likarudi palepale. Halafu ikaja Machi 2020. Sihitaji kuwaambia Arusha bila watalii inakuwaje. Ndege zilisimama, Land Cruiser zikapangwa uani zimevaa maturubai, mafundi wakakaa kwenye matairi wanacheza bao. Sufuria yake ya wali ikapungua, kisha ikawa ya makande tu kwa sababu mahindi na maharage vilitoka shambani kwa ndugu zake. Wateja wake wakubwa wote hawana kazi, na mimi bado naandikiwa. Septemba mwaka huohuo nikaitwa Dar kwenye gazeti jingine, kwa mshahara. Nikaondoka na basi la alfajiri. Nilijiambia nitamtumia hela mwezi wa kwanza. Mwezi wa kwanza kulikuwa na kodi ya chumba, wa pili godoro, na wa tatu nilishaanza kuona haya kwamba sikutuma wa kwanza. Mnajua inavyokwenda. Kila nilipokuja likizo nikawa nazunguka na barabara ya juu. Kichwani niliweka hesabu yangu kwamba ni sh 23,500, na hiyo ndiyo nimebeba miaka yote.

Haya, turudi kwenye orodha maana mhariri alikuwa anapiga simu.

Nyama. Wa Arusha tunapenda kujisifu kwamba nyama choma ni yetu, na mimi sitapingana na jadi. Kwa mgeni, namna yenyewe ndiyo muhimu kuliko jina la baa. Huagizi kutoka mezani. Unainuka, unakwenda kwenye bucha iliyoko mlangoni, unaangalia mguu uliotundikwa, unaonyesha kwa kidole ("sio huo, ule wa nyuma, na uniwekee na mbavu"), anapima, unalipa au unaandikisha, na kipande kinakwenda jikoni kikiwa na alama yako. Kisha unasubiri. Saa nzima, wakati mwingine zaidi. Anayekuletea nyama baada ya dakika kumi na tano amekuletea ya mwingine, au ya jana. Ikija inakatwakatwa mbele yako juu ya ubao, chumvi pembeni, pilipili, kachumbari, ndizi za kuchoma. Mhudumu anakunawisha kwa jagi na beseni. Uma hakuna, usiulize.

Kwa ajili ya mwenzangu nilijifunza kuuliza swali ambalo sikuwahi kuliuliza maisha yangu yote, "Jiko ni moja au mawili?" Arusha kitimoto kinapendwa mno, na baa nyingi zinachoma mbuzi hapa na nguruwe pale. Penye majiko mawili, visu viwili na wachomaji wawili tulikaa. Penye jiko moja tukaaga kwa heshima. Hilo nililiandika kwenye ripoti kwa herufi kubwa, maana mashabiki wa Misri, Algeria, Senegali na Mali watakuja wengi na hawatajua kuuliza. Hakuna aliyekasirika tulipouliza. Mchomaji mmoja alitupeleka mpaka nyuma akatuonyesha.

Vinywaji sasa. Swali la kwanza la mhudumu wa Tanzania mnalijua, "Baridi au ya moto?" Dar ukisema ya moto watu wanageuka. Arusha mwezi wa Julai nusu ya meza wanakunywa ya moto, na bia yenyewe haikutoka mbali, kiwanda cha TBL kipo hapahapa mjini. Kwa anayetaka cha kienyeji ipo mbege, ya Wachagga, ya ndizi mbivu zilizochemshwa na kimea cha ulezi, na uchungu wake unatoka kwenye gome la msesewe. Inauzwa kwenye vilabu, inanyweka kwa kata au siku hizi jagi la plastiki, na ni chakula kabisa, mtu anashiba. Halafu kuna mvinyo wa ndizi wa chupa, Raha, unaotengenezwa na kampuni ya Banana Investments ya hapa Arusha. Wenye fedha kidogo waliuhamia zaidi baada ya viroba kupigwa marufuku Machi 1, 2017. Sijui kama wameongezeka walevi au wamepungua, ila mitaro ya kwetu ilipumua, maana vile vifuko vilikuwa vimejaa kuliko maji.

Hapo mpiga picha, na soda yake mkononi, akanikumbusha kitu. Mvinyo ni neno la Wareno. Na meza tuliyoweka chupa, nayo ni neno lao. Wamekaa pwani yetu karne mbili, wakafukuzwa Mombasa mwaka 1698, na wengi wetu tunawakumbuka kwa ngome na ukatili. Lakini mahindi na mihogo vilitoka Amerika vikafika huku kwa njia ya merikebu zao. Nikawaza, bila Mreno makande ya Mmeru yasingekuwa na mahindi. Nikawaza makande, nikanyamaza. Akaniuliza nini. Nikasema hakuna.

Usiku nikampeleka kwa Khan, Mtaa wa Msikiti. Ukifika mchana utadhani nimekudanganya, kwa sababu mchana ni duka la spea za magari. Jioni spea zinafungiwa ndani, majiko yanatoka nje, na kuku wanaanza kugeuka juu ya mkaa, mishkaki, naan, na meza nzima ya kachumbari na achari za kila rangi. Pombe hakuna. Wote wapo, Wahindi na familia zao, Wazungu wenye vumbi la Serengeti, madereva, wanafunzi. Sehemu hii kila mtu anaijua na nilitaka niiache kwa sababu hiyohiyo, lakini mwenzangu alipomng'ata kuku akafumba macho, na nikaona nisiwe mjuaji.

Migahawa ya juu niliandika mitatu, upesi, bila moyo. Sio kwamba ni mibaya. Mji wetu umelelewa na wageni wa kazi, na Clinton alipokuja Agosti 2000 kwenye mkataba wa amani wa Burundi akatuita Geneva ya Afrika, nasi tukavimba kichwa. Mahakama ya Kimbari ya Rwanda ilikaa AICC kwa takriban miaka ishirini mpaka ilipofungwa mwishoni mwa 2015, na hapo katikati ukaweza kula cha Ethiopia, cha Kichina na cha Kiitaliano ndani ya mwendo wa nusu saa kwa miguu. Kaka yangu alikuwa mhudumu enzi hizo, anasema bakshishi yake ya Ijumaa ilizidi mshahara wa mwalimu. Cha ajabu, mashamba ya kahawa yametuzunguka pande zote, arabika inayosifiwa Ulaya, na nyumbani kwetu tumekua tukinywa ya unga ya kwenye kopo. Kikombe cha kahawa halisi ya mlima wetu nilikinywa mara ya kwanza nikiwa na miaka ishirini na mbili, na kililipiwa na mgeni.

Kufika Jumamosi jioni nilikuwa na sehemu tisa. Mhariri akaandika, "Ya kumi?" Mpiga picha akasoma ujumbe begani kwangu akasema, "Ile barabara yenye lami."

Jumapili baada ya ibada tukapita. Banda halikuwepo. Palikuwa na mtaro safi na kibao cha kukataza biashara. Moyo ukanishuka, na nina aibu kusema kwamba kidogo pia nilipata nafuu. Nikamwuliza kijana wa bodaboda, akasema, "Yule mama? Walitolewa barabarani mwishoni mwa 2021, kama wote. Yuko ndani, nyuma ya gereji." Tukapita katikati ya injini zilizofunguliwa, na kweli, uani kulikuwa na turubai, benchi mbili, mafiga matatu. Alikuwa amekaa anachambua maharage, Jumapili, na kanga ya kanisani begani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Akainua macho. Hakushtuka hata kidogo. "Karibu, Gazeti. Mama yako nimeachana naye sasa hivi pale kanisani, amesema umekuja tangu Jumanne."

Tangu Jumanne. Nikasimama pale na miguu yangu. Wanasali pamoja, wako hata kwenye jumuiya moja! Jumapili baada ya Jumapili, miaka yote hiyo, amekaa benchi moja na mwanamke anayesimulia watu kwamba mwanawe alianza kazi mahali wanapotoa chakula cha mchana. Na hakusema. Najua hakusema, kwa sababu mama yangu ni mtu ambaye angelijua hilo asubuhi, mchana angekuwa ameshauza cherehani akalipa.

Nikamwambia nimekuja kulipa. Nilikuwa nimeandaa hotuba, yote ikapotea. Nikasema tu, "Ni elfu ishirini na tatu na mia tano, lakini nitaongeza."

Akamwita binti yake. Binti akaleta ndoo yenye madaftari, akalitafuta la kava la bluu, kona zimeliwa na panya. Nilikuwa nimeandikwa kwa jina hilohilo, Gazeti, kurasa mbili na nusu. Wali 1,500. Wali 1,500. Chai 300. Makande nusu 700. Wali 1,500, amelipa 3,000. Chini kabisa, kwa kalamu nyekundu, sh 38,000.

Thelathini na nane elfu. Nikapiga hesabu mwenyewe kwa simu, mara mbili, kama mwandishi anayehakiki. Iko sawa. Ni mimi niliyeipunguza njiani, kila mwaka kidogo.

Nikatoa noti mfukoni, akakataa mkono. "Weka kwenye simu. Ukinipa mkononi itaishia kwenye mkaa kesho." Nikamtumia. Nilipotaka kuzidisha akasema iandikwe ilivyo, asije akachanganya daftari. Binti akapiga mstari kurasa zote, na rula.

Mpiga picha alikuwa ameshatoa kamera. Mama akamwambia apige sufuria, yeye asimpige. Nikamweleza habari ya orodha, AFCON, wageni, uwanja. Akasikiliza akiendelea kuchambua maharage. Akauliza watakuwa wangapi. Nikasema uwanja ni wa watu 30,000. Akacheka mpaka akashika kiuno. "Mimi nina sahani ishirini na nne. Na mafundi watakula wapi?"

Basi sikuiandika. Mhariri alipata mgahawa mwingine wa juu, wenye maegesho.

"Na ulikuwa unasoma habari zangu, mama?" Nilimwuliza wakati tunanawa, nikijitafutia sifa kidogo.

"Nilikuwa nafungia maandazi. Mifuko ya plastiki si walikataza 2019? Gazeti lako lilikuwa zuri, halichuji wino."

Akapakua makande, ya mahindi yaliyokobolewa, maharage, karoti kidogo, juu yake akamimina maziwa ya mgando kutoka kwenye kidumu. Sahani siku hizi ni sh 2,000. Akashika daftari jipya, la kava jekundu, akanitazama.

"Hii ya leo naandika?"

Nikalipa. Sahani mbili na chai mbili, kabla sijakaa. Mpiga picha alikuwa ameshafika nusu ya sahani yake, kimya, na mara akainua kichwa akamwuliza mama kama huku Sokon One nazi zinauzwa wapi. Binti akamwongezea maziwa.